Mbung'o wa Saadani na dereva asiye na abiria

Kwenye geti la Hifadhi ya Saadani wapo askari wa uhifadhi, wana sare na bunduki, na kazi yao wanaifanya. Lakini mlinzi mkongwe wa nyika hii hana sare wala mshahara. Anaingia kwa dirisha la gari, anatua kwenye kifundo cha mguu, na mrija wake unapenya soksi bila taabu. Mbung'o. Wengine humwita ndorobo. Ukimpiga kofi anaruka kana kwamba hakuna kilichotokea, maana mwili wake ni bapa na mgumu. Inabidi umbane kwa vidole na kumviringisha mpaka usikie amepasuka.

Namtanguliza mbele ya simba na tembo kwa makusudi. Kuendesha gari peke yako mpaka Saadani, jambo ambalo vijana wa Dar es Salaam wanaomiliki gari la kwanza sasa wanaliona ni la wikiendi tu, ni kitu kigeni kabisa katika pwani hii. Kwa karne nyingi hakuna aliyeingia bara kutoka huku akiwa peke yake, na mmoja wa waliosababisha hivyo ni mdudu huyu. Na kama leo kuna nyika ya kwenda kuitazama badala ya ranchi na mashamba, basi tumshukuru yeye pia, huku tukijikuna.

Kutoka Mwenge, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo ni kama kilomita 65, na kwa asiye na mtu wa kupokezana naye usukani, sehemu inayochosha kuliko zote ni hiyo. Tegeta, Boko, Bunju: malori ya saruji, bajaji zinazokata kona bila taa, bodaboda wanaokupita kulia na kushoto kwa mpigo mmoja. Baada ya Mapinga foleni inalegea, mguu unaanza kuwa mzito, na hapo ndipo trafiki walipo na tochi yao. Kerege, Zinga, njia panda ya Kaole, na hewa inabadilika. Wageni wengi wakifika mjini hupiga picha Ngome Kongwe, wakaenda misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, wakala samaki, wakageuza. Aliye peke yake, ambaye hakuna mtoto anayelia njaa kiti cha nyuma, akasimame kidogo Caravan Serai. Ni ua tu, umezungukwa na vyumba, na hauna mvuto mkubwa wa picha. Lakini ukisimama pale ukajiuliza kwa nini bandari kubwa ya karne ya 19 ilihitaji mahali pa kulaza watu wengi namna hiyo, unakuwa umeshika mkia wa habari yenyewe.

Pembe za ndovu zilifika Bagamoyo mabegani. Vitambaa, shanga na waya za shaba vilipanda bara vichwani. Mpagazi mmoja, mara nyingi Mnyamwezi aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana, alibeba takribani frasila mbili, yaani kama kilo 32, miezi mitatu kwenda Tabora. Si kwamba watu wa zama zile hawakuwajua ng'ombe, punda au ngamia. Waliwajua. Ila kati ya pwani na nyanda za kati palikuwa na ukanda wa mbung'o, na mnyama wa kubeba mizigo aliyeumwa na mbung'o wenye vimelea vya ugonjwa wa nagana alikonda, akatokwa machozi, akalala, akafa. Mwanadamu naye aliweza kuugua malale, lakini kwa kawaida alivuka ukanda ule akiwa hai, na mzigo wake ukiwa kichwani. Kwa hiyo safari ikawa shughuli ya umati, na ukubwa wa msafara ulipimwa kwa idadi ya vichwa.

Hata wale ambao vitabu vya shule vimewachora kama wasafiri wapweke wenye kofia ngumu, hawakuwa wapweke. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake ulikuwa na watu karibu 200 waliogawanywa makundi. Alikuwa pia na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa kabla hajafika mbali, na punda wakapukutika njiani. Livingstone mwenyewe alirudi pwani akiwa maiti, Februari 1874, amebebwa na watu waliotembea naye miezi kwa miezi kutoka Zambia ya leo, wakiongozwa na Chuma na Susi. Mwili wake ulilazwa pale pale misheni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Katika historia yote ya mji huu sijui safari ambayo majina machache yamesifiwa kiasi kile kwa miguu ya wengi kiasi kile.

Magurudumu nayo yalijaribiwa, na yalijaribiwa Saadani. Mwaka 1877 mhandisi Mskoti wa misheni ya Kianglikana ya CMS, Alexander Mackay, alisimamia kufyekwa kwa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takribani kilomita 370, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Wamisionari wa misheni nyingine ya Kiprotestanti, LMS, nao walikuwa wamejaribu ng'ombe wachache mwaka uliotangulia, wakaona wamefika salama, wakajipa moyo wa kuleta makundi makubwa. Miti ilikatwa, vijito vikapitika, magari yakaanza safari. Ng'ombe wakaanza kufa. Walikufa mmoja mmoja, kisha wawili wawili, mpaka mizigo ikarudi mahali ilipokuwa imezoea kukaa, vichwani mwa watu. Njia ya kwanza ya magari kutoka Saadani ilishindwa na kitu kisichofika urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Leo unatoka Bagamoyo kwa lami. Barabara ya Makofia hadi Msata, kilomita 64, inashuka bonde la Ruvu, inapita Makurunge penye miwa, mahali ambapo zamani palikuwa na RAZABA, ranchi ya Serikali ya Zanzibar upande huu wa bara, kisha inapanda taratibu hadi barabara kuu ya Chalinze na Segera. Unakata kulia. Mto Wami unauvuka kwa daraja jipya, na ukitupa jicho pembeni utaliona la zamani, lile la gari moja moja, ambalo madereva wa mabasi ya Arusha na Tanga hawakulitaja bila kutaja ajali. Mandera unaiacha lami, unakata tena kulia kuelekea Miono na baharini. Zimebaki kama kilomita 60. Kiangazi ni vumbi na mawimbi ya changarawe yanayotikisa hadi meno. Masika, kati ya Machi na Mei, ni habari nyingine kabisa: udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa unalishika gurudumu kama ugali wa moto unavyoshika mwiko, na hapo ndipo upweke unapokuwa na gharama. Gari la watu wanne likinasa, watatu wanashuka kusukuma. Lako likinasa, mwenye gari ndiye msukumaji, na mtu mmoja hawezi kukanyaga mafuta na kusukuma kwa wakati mmoja.

Getini askari aliinama, akachungulia kiti cha nyuma.

"Mko wangapi, dada?"

"Mmoja."

"Na dereva?"

"Ndiye mimi."

Akacheka kidogo, akaandika kwenye kitabu. "Haya, karibu sana. Nyumbani wanajua uko huku?"

Hakuniuliza kwa dharau, na nadhani ni swali zuri kuliko yote anayoweza kuulizwa msafiri wa peke yake. Mtu mmoja, awe mama, kaka au jirani, ajue umeingia hifadhi gani, unalala wapi, na saa ngapi akiona simu yako kimya aanze kupiga kelele. Mtandao huku unakuja na kuondoka. Ramani ipakuliwe mapema simuni. Na kwenye malipo, upweke una hesabu yake: kiingilio cha mtu kinahesabiwa peke yake na cha gari peke yake, kwa saa 24. Kwa Mtanzania kiingilio ni sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni kutoka ng'ambo, kwa hiyo visingizio vyetu kuhusu bei huwa havina uzito tunaovipa. Kinachouma ni gari, mafuta na chumba, vitu ambavyo watu wanne hugawana na wewe unavibeba vyote. Usipeleke noti ukadhani utalipa dirishani. Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo.

Saadani ilikuwa pori la akiba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,100, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania ambako nyika inaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Sifa hiyo imewaletea watu matarajio mabaya. Kila tangazo lina picha ya tembo ufukweni, na kila mwaka wapo wanaorudi Dar wamenuna kwa sababu hawakumwona. Tembo wa Saadani ni wachache na waoga, simba pia. Utakachokiona kwa wingi ni twiga, ngiri, kuro, tohe wanaoinuka ghafla majanini, kongoni, na ukibahatika palahala mwenye pembe zilizopindia nyuma. Ukitaka wingi wa wanyama kwa saa chache, nenda Mikumi.

Lakini sehemu ninayoipenda haina sifa kwenye matangazo. Ni upande wa kaskazini, Mkwaja. Hapa palikuwa ranchi. Kampuni ya mkonge ya Amboni ya Tanga iliianzisha miaka ya 1950 ili kuwalisha nyama wafanyakazi wa mashamba yake, na wakati wa neema yake ilikuwa na ng'ombe zaidi ya elfu kumi. Hebu fikiria kazi iliyokuwepo: kila ng'ombe alihitaji kudungwa sindano za kinga ya nagana mara kwa mara, maisha yake yote, kwa sababu porini pembeni nyati na ngiri walibeba vimelea vile vile bila kuugua, na mbung'o alikuwa akihama kati yao kama mpeleka barua. Vichaka navyo havikukubali. Ukikata mgunga leo, kesho unachipua. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na ardhi yake ikawa sehemu ya hifadhi.

Ukiendesha humo taratibu, alama bado zipo. Migunga imesimama kwa mistari minene mahali palipokuwa malisho. Simamisha gari mahali ambapo tawi linakaribia kioo, bila kushuka, utazame miiba yake. Baadhi imevimba shinani, mviringo mweusi wenye tundu dogo. Gusa tawi kwa ncha ya kalamu na sisimizi wadogo wanamiminika kutoka kwenye matundu, mikia juu, tayari kwa vita. Mti umewapa nyumba, wao wanaufukuzia walaji. Mbele kidogo kuna vipande vya majani mafupi ya kijani kuliko yote yanayovizunguka: ni mahali palipokuwa mazizi, ng'ombe walipolazwa usiku kwa miaka mingi, na samadi yao haijamalizika udongoni. Wanyamapori wanakula mezani pa ng'ombe walioondoka zamani.

Hapo faida ya kuwa peke yako inajionyesha bila kuhubiriwa. Kwenye gari la watu watano, mtu wa tatu akishasema "tumeshaona, twende", mmekwisha. Mwenye gari tupu hana wa kumwambia hivyo. Nimewahi kukaa mchana mzima karibu na dimbwi moja, injini imezimwa, nikimtazama tohe dume aliyekuwa hafanyi kitu chochote. Hakuna mtu ningeweza kumburuta kwenye shughuli hiyo, hata anayenipenda. Bei yake ni kwamba gari lililosimama linakuwa joto, ukifungua kioo mbung'o wanaingia, ukikifunga unaiva. Wanavutwa na kitu kikubwa kinachosogea, na wanapenda rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Njoo na jinzi ya bluu uone.

Ng'ambo ya mkondo, Unguja, mbung'o hayupo tena. Aliondolewa kwa njia ya ajabu. Mbung'o hatagi mayai mengi kama inzi wa jikoni. Jike huzaa funza mmoja kwa wakati, kila baada ya siku tisa au kumi, na kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Wataalamu wakaukamata udhaifu huo. Madume yalifugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, na kuanzia mwaka 1994 yakamwagwa Unguja kwa ndege ndogo, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Majike yakapandwa na madume yasiyo na mbegu hai, vizazi vikakatika. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru, na wafugaji wa Unguja wakaongeza ng'ombe wa maziwa. Jirani zao wa bara, umbali wa safari ya jahazi, wamebaki na mbung'o, na kwa sababu hiyo wamebaki na twiga.

Siwezi kuandika kana kwamba hapa ni nyika isiyo na wenyewe. Kijiji cha Saadani kilikuwepo kabla ya pori la akiba na kabla ya Wajerumani. Bwana Heri, mtawala wake, aliungana na upinzani wa mwaka 1888, na manowari za Wajerumani zikakipiga mizinga mwaka uliofuata. Kiongozi mwenzake wa upinzani huo, Abushiri, alinyongwa Pangani Desemba 1889, yeye akaendelea kupigana porini hadi mwaka 1890. Wakazi wa leo ni wavuvi, na wale wa kitongoji cha Uvinje wamevutana na hifadhi kwa miaka mingi kuhusu mpaka unapita wapi. Wanasema wao ndio waliokaribisha uhifadhi katika ardhi yao. Msafiri wa siku mbili hana mamlaka ya kuamua kesi hiyo, lakini akila wali na changu kwa mama lishe wa kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka duka kubwa la Mbezi, angalau shilingi zake zimejua njia.

Pia kuna mambo ambamo upweke hauruhusiwi. Kutembea kwa miguu ni lazima na askari mwenye silaha. Kwenye mto Wami, wenye viboko na mamba wa kutosha, utapanda boti na watu wengine, na nakushauri usiikose: mikoko, mdiria wa bluu anayechoma maji kama mshale, na kiboko anayejitokeza upande ambao nahodha alikuwa ameshakuambia atajitokeza. Kasa hupanda kutaga ufukwe wa Madete, na huko nako huendi usiku na tochi yako mwenyewe.

Ninachokitazama kwa wasiwasi ni lami. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia ukanda wa Saadani hadi Pangani na Tanga, takribani kilomita 250, inajengwa kwa vipande, na daraja kubwa la Pangani ni sehemu yake. Watu wa Pangani wameingoja miaka mingi wakivuka kwa kivuko, na mwandishi wa Dar hana haki ya kuwaambia wasubiri zaidi ili yeye afurahie vumbi. Ila Mikumi inatufundisha. Pale barabara kuu inakata hifadhi kwa kama kilomita 50, kuna matuta, kuna vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama unayemgonga, na bado mizoga hukutwa asubuhi pembeni ya lami. Mbung'o aliweza kumzuia ng'ombe wa Mackay na ng'ombe wa Amboni. Basi la usiku hataliweza. Matuta yawekwe kabla ya sherehe ya kukata utepe.

Anayetaka kwenda mwaka huu aende kati ya Juni na Februari, akiepuka siku za vuli nzito. Gari liwe la juu, la kuvuta magurudumu yote manne, spea mbili kama unazo, jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea chini, koleo, maji lita kumi. Jaza tangi Msata, usingoje Miono. Nguo za kaki au kijivu. Chumba kiwekwe oda mapema, kwa sababu giza likishaingia hutakiwi kuwa unaendesha ndani ya hifadhi ukitafuta pa kulala. Na ukitaka kamba wabichi, uwahi ufukwe wa kijijini asubuhi ngalawa zinaporudi. Ukichelewa, wenye madumu ya barafu wa kutoka Dar wameshawapima wote.